Mshindani akibadilisha wamiliki, nafasi ni ya nani?

Kampuni inapouzwa, kuunganishwa au kugawanywa, wapinzani wake hudhani saa ya kuimaliza imefika. Miaka 25 ya simu na benki Afrika Mashariki inaonyesha jambo jingine: anayefaidi ni yule aliyeutumia muda huo kumjengea mteja kitu.

Agosti 2010 bei ya kupiga simu nchini Kenya ilianguka ghafla. Kampuni ya Zain ilitangaza kuwa dakika moja ya maongezi, kwenda mtandao wowote, itatozwa shilingi 3 za Kenya, takriban nusu ya bei iliyokuwepo. Wenye laini moja wakatafuta ya pili. Waliozoea kubipu na kusubiri kupigiwa wakaanza kupiga wenyewe.

Bei hiyo iliwezekana kwa sababu mwaka huohuo mdhibiti wa mawasiliano alikuwa ameshusha ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu zake. Ilitoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21. Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa kampuni zote. Aliyeuingia kwa kishindo ndiye aliyewashangaza watu wa biashara.

Zain ilikuwa katikati ya kuhama mikono. Mwezi Juni tu, Bharti Airtel ya India ilikuwa imekamilisha ununuzi wa mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Mabango ya Nairobi na Mombasa yalikuwa bado na jina la mwenye mali aliyeondoka. Jina la Airtel lilikuja kupandishwa Novemba.

Kwa hesabu za kawaida, hicho ni kipindi ambacho kampuni hujifungia ndani kupanga vyeo na mifumo, na mpinzani akajichumia wateja. Safari hii kampuni iliyokuwa ikibadilika ndiyo iliyoanza kupiga. Safaricom, kinara wa soko, ililazimika kujibu, nayo ilikuwa na mabadiliko yake: Michael Joseph, aliyeiongoza tangu mwaka 2000, alikuwa akikabidhi ofisi kwa Bob Collymore.

Swali lililozaliwa siku zile linawahusu wafanyabiashara wengi leo, kuanzia benki kubwa hadi duka la jumla la Kariakoo ambalo jirani yake ameuza hisa kwa mgeni. Mshindani wako anapobadilisha wamiliki, muundo au jina, umshambulie? Umsubiri aanguke? Au ushughulike na yako?

Majina manne, miaka kumi

Kenya ilipata mitandao miwili mikubwa ya simu za mkononi kwa wakati mmoja. Mwaka 2000 Safaricom ilianza kazi, Vodafone ya Uingereza ikiwa na hisa asilimia 40 na jukumu la uendeshaji. Mwaka huohuo ikaanza Kencell, iliyomilikiwa na Vivendi ya Ufaransa pamoja na kundi la Sameer la mfanyabiashara Naushad Merali.

Mwaka 2004 Vivendi iliondoka. Hisa zake asilimia 60 zilinunuliwa na Sameer, na papo hapo zikauzwa kwa Celtel. Kencell ikawa Celtel.

Mwaka 2005 kampuni mama ya Celtel ikanunuliwa na MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.36. MTC ilipojiita Zain, mitandao yake Afrika ikafuata: mwaka 2008 Celtel ikawa Zain. Mwaka 2010 Zain ikawa Airtel.

Hivyo katika miaka kumi mtandao mmoja ulikuwa umebeba majina manne. Kila jina lilikuja na rangi zake, matangazo yake, wakuu wake na mpango wake wa ushindi. Wateja, mawakala na wafanyakazi walitakiwa kuanza kuamini upya kila mara.

Upande wa pili wa barabara jina lilibaki Safaricom, na mkurugenzi mkuu alibaki mmoja kwa muongo mzima.

> Katika miaka kumi mtandao mmoja ulikuwa umebeba majina manne. Kila mara wateja, mawakala na wafanyakazi walitakiwa kuanza kuamini upya.

Ndani ya kampuni inayobadilika

Anayetaka kushindana na kampuni iliyo kwenye mabadiliko lazima kwanza aelewe yanayoendelea nyuma ya milango yake.

Jambo la kwanza ni maamuzi kukwama. Meneja wa kanda aliyekuwa akiidhinisha punguzo kwa simu moja sasa anaambiwa asubiri makao makuu mapya yatoe mwongozo. Bajeti ya matangazo inashikiliwa. Mkataba wa msambazaji unapitiwa upya, na malipo yake yanachelewa.

La pili ni hofu ya ajira. Uvumi wa kupunguza watu ukishaingia ofisini, mazungumzo ya kila chai ni nani atabaki. Wa kwanza kuondoka huwa ni wale wenye uwezo, kwa kuwa wanajua watapokelewa kwingine. Wanaobaki hufanya kazi kwa tahadhari, wakikwepa kosa ambalo litawaandikia jina kwenye orodha.

La tatu ni mifumo. Kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine ni kazi nzito. Salio lisipoonekana kwa saa chache tu, mteja hapewi nafasi ya kuelewa kwamba ni mpito. Anachojua ni kwamba hela yake haionekani.

La nne ndilo linalosahaulika zaidi: wanaoitegemea kampuni kutoka nje. Wakala wa mtaani anataka kujua kamisheni yake itabaki ileile. Mwenye duka anataka kujua bango la zamani litaondolewa na nani, na kwa gharama za nani. Mara nyingi hakuna wa kuwajibu, kwa sababu hata afisa anayewatembelea hajui kesho yake.

Hapo ndipo penye nafasi. Mteja aliyekosa jibu na wakala aliyekosa uhakika wako tayari kumsikiliza mwingine. Tofauti kati ya mikakati inayofaulu na inayofeli iko katika kile wanachokikuta wakishamsikiliza.

Safaricom ilifanya nini

Jibu rahisi ni kwamba Safaricom ilishinda kwa sababu mpinzani alitetereka. Kumbukumbu za soko zinaonyesha zaidi ya hapo.

Tangu mwanzo Safaricom ilitoza kwa sekunde, wakati Kencell ikitoza kwa dakika. Kwa mtu mwenye vocha ndogo anayetaka kusema tu kwamba amefika salama, tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Kencell ililenga zaidi wateja wa kampuni na wenye kipato. Safaricom ikamfuata mama wa sokoni na kijana wa kijijini, na hao ndio waliokuwa wengi.

Kisha ikaja Machi 2007 na M-Pesa. Inafaa kukumbuka kuwa Celtel haikuwa imelala. Mwaka huohuo wa 2007 ilikuwa na huduma yake ya kutuma fedha iliyoitwa Sokotele. Wazo lilikuwa karibu lilelile, na nchi ilikuwa ileile.

Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Safaricom iliwekeza kwa mawakala, ikawafundisha, ikapaka vibanda rangi ya kijani na kubandika bei zake wazi ili mteja wa Kisumu na wa Malindi watozwe sawa. Upande wa pili, Sokotele haikukua. Mwaka 2009, chini ya jina la Zain, ikaja huduma nyingine iliyoitwa Zap, ambayo ada ya kuweka na kutoa fedha iliachwa kwa makubaliano ya mteja na wakala. Baada ya Airtel kuingia, ikaja Airtel Money.

Wakala aliyewekeza floti yake katika huduma ya kwanza, akaambiwa kuna ya pili, kisha ya tatu, alikuwa na sababu ya kusita. Fedha za mtu hazitaki kubahatisha. Anayetuma karo ya mtoto anataka kujua kwamba dirisha alilolitumia mwezi uliopita litakuwepo mwezi ujao, na litakuwa na jina lilelile.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma, shilingi 5 kwa hisa. Maelfu kwa maelfu ya Wakenya wa kawaida wakawa wenye hisa wa kampuni waliyoitumia kila siku. Wakati huo upande wa Zain wateja walikuwa wakijifunza jina jipya.

Msingi huo ndio uliopimwa Agosti 2010. Vita ya bei iliiumiza Safaricom kwelikweli: faida yake ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2011 ilishuka hadi karibu shilingi bilioni 13, kutoka karibu bilioni 15 mwaka uliotangulia. Ilishusha bei. Lakini Oktoba 2011 Collymore aliipandisha kutoka shilingi 3 hadi 4 kwa dakika, akitaja mfumuko wa bei, na uongozi wa soko haukubadilika.

Hata Aprili 2011, Wakenya waliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadilisha namba, waliohama walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Namba ilihamishika. M-Pesa haikuhamishika, na wengi hawakuwa tayari kuiacha nyuma.

> Namba ilihamishika. M-Pesa haikuhamishika, na wengi hawakuwa tayari kuiacha nyuma.

Wanaosema: piga sasa

Pamoja na somo hilo, ipo kambi yenye nguvu katika vyumba vya mikutano inayoamini kuwa mshindani anayebadilika anapaswa kupigwa mapema na kwa nguvu. Hoja zake hazipuuziki.

Ya kwanza ni muda. Mabadiliko yana mwisho. Kampuni ikishapata uongozi mpya, mtaji mpya na mifumo mipya, inaweza kurudi ikiwa na nguvu maradufu. Ukimwachia nafasi apange nyumba yake, utakutana naye baadaye akiwa amekamilika.

Ya pili ni watu. Mhandisi au meneja wa mauzo ambaye mwaka jana asingekubali kuzungumza nawe leo anapokea simu yako. Ukimchukua, unapata ujuzi na unapunguza nguvu ya upande wa pili kwa hatua moja.

Ya tatu ni mikataba. Mteja mkubwa, kama chuo au mgodi, husita kusaini mkataba mrefu na kampuni asiyoijua mmiliki wake wa mwakani. Ukimfikia kwa mkataba wa miaka mitatu, mshindani akija kutulia atakuta kiti kimekaliwa.

Hoja hizi zinafanya kazi, lakini kwa sharti moja: uwe na cha kumpa huyo unayemvuta. Punguzo la bei lisilo na msingi humleta mteja kwa mwezi mmoja tu. Mwajiriwa aliyevutwa kwa mshahara pekee ataondoka kwa mshahara mkubwa zaidi. Mkataba mrefu ukisainiwa na huduma ikawa mbovu, unakuwa tangazo la miaka mitatu dhidi yako.

Vita ya bei pia haichagui majeruhi. Kenya ilikuwa na mtandao wa nne, yu, uliomilikiwa na Essar ya India. Bei zilipoanguka, kampuni ndogo ndiyo iliyobaki na pumzi fupi. Mwaka 2014 yu iliondoka sokoni. Airtel ilichukua wateja wake, Safaricom ikachukua minara na mitambo.

Mgawanyo huo unaeleza mengi kuhusu namna kila upande ulivyoiona nafasi. Mmoja alitaka kuongeza idadi ya wateja, mwingine alitaka kuongeza uwezo wa kuwahudumia wale aliokuwa nao.

Mabadiliko yanayomzaa mshindani mkali

Kosa kubwa la kambi ya kushambulia ni kudhani kuwa mabadiliko yote ni udhaifu. Uganda inatoa mfano wa kinyume.

Mwaka 2013 Airtel Uganda iliinunua Warid. Wateja wa mitandao hiyo miwili walipojumlishwa walizidi milioni 7, na MTN, iliyokuwa mbele kwa muda mrefu, ikajikuta inatazamana na mshindani mmoja mkubwa badala ya wawili wa wastani. Kilichosaidia ni kwamba Airtel haikufuta kila kilichokuwa cha Warid. Kifurushi cha Pakalast, kilichopendwa na wateja wa Warid, kiliendelea kuuzwa chini ya jina jipya.

Mmiliki mpya aliyeuliza kwanza wateja wanapenda nini, kabla ya kupaka rangi ukutani, alimnyima mpinzani wake mwanya. Mpinzani aliyekuwa akisubiri Warid ivurugike hakupata alichosubiri.

Tanzania ina mfano mkubwa zaidi, nao ni wa benki. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha kutaifisha benki. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo benki kwa maana halisi. Mwaka 1997 iligawanywa. Upande mmoja ukabaki na jina la NBC, na mwaka 2000 hisa nyingi zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Upande mwingine ukawa NMB, uliorithi matawi yaliyotapakaa wilayani.

Wakati huo wengi waliyaona matawi hayo kuwa mzigo. Yalikuwa mbali, na yaliwahudumia watu wenye akiba ndogo, walimu na watumishi wa Serikali waliopanga foleni kila mwisho wa mwezi.

CRDB ilikuwa imetoka tu kwenye mabadiliko yake, baada ya kubinafsishwa mwaka 1996. Chini ya Charles Kimei, aliyeiongoza kuanzia 1998 hadi 2018, haikukaa kutazama NBC ikigawanywa. Ilifungua matawi, ikaleta TemboCard, ikawafuata wakulima na wafanyabiashara wa kati. Kigogo aliyekuwa akishika soko zima alikuwa na shughuli za ndani. CRDB ikautumia muda huo kujijenga.

Lakini pia ilipata mpinzani mpya ambaye hakuwepo kabla. Mwaka 2005 asilimia 49 ya NMB ilinunuliwa na kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Yale matawi ya wilayani yakageuka kuwa mtaji. NMB iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008, CRDB mwaka 2009. Leo hizo mbili ndizo benki kubwa kuliko zote nchini.

Aliyekuwa ameweka macho yake yote kwa NBC asingemwona mshindani wake halisi akikua kutokana na kipande kilichodharauliwa.

> Aliyekuwa ameweka macho yake yote kwa NBC asingemwona mshindani wake halisi akikua kutokana na kipande kilichodharauliwa.

Mpaka uko wapi

Kuna mipaka ya kisheria, na kwa mwenye nguvu sokoni ni mipaka mikali zaidi.

Mawakala wa M-Pesa kwa muda mrefu walifungwa kuhudumia Safaricom pekee. Kwa mkakati wa biashara, huo ulikuwa ukuta imara: mpinzani anayejipanga upya hakuwa na wakala wa kuanzia. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Julai 2014 kufuli hilo lilifunguliwa. Mwaka 2018 wateja wa mitandao hiyo wakaanza kutumiana fedha moja kwa moja.

Safaricom haikuporomoka. Mteja alibaki kwa hiari yake. Hilo linapaswa kuwatuliza wakurugenzi wanaodhani biashara yao itakufa siku wateja watakaporuhusiwa kuchagua. Linapaswa pia kuwatia wasiwasi wale ambao biashara yao imesimama juu ya kufuli tu.

Tanzania ilitangulia katika hilo. Kuanzia mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel waliunganisha huduma zao za fedha, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kampuni kubwa kutumia nguvu yake vibaya kuwazuia wengine. Kumchukua mteja kwa huduma bora ni halali. Kumfungia mpinzani milango ya kufikia soko ni jambo la kujibu mbele ya Tume.

Sheria isingetosha bila kukumbuka watu. Kisa cha Telkom Kenya kinaonyesha nani hulipa gharama mabadiliko yanapochukua muda mrefu mno.

Mwaka 2007 France Telecom ilinunua asilimia 51 ya Telkom Kenya, na mwaka uliofuata ikaleta jina la Orange. Baadaye ikajiondoa, kampuni ya uwekezaji ya Helios ikaingia, na mwaka 2017 jina la Telkom likarudi. Februari 2019 ikatangazwa kuwa Telkom itaungana na Airtel Kenya. Wafanyakazi wakapewa notisi za kupunguzwa kazi. Uchunguzi na masharti ya mamlaka mbalimbali vikafuata, na Safaricom nayo ikataka madeni inayoidai Telkom yalipwe kwanza. Agosti 2020 mpango huo ukaachwa.

Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita ambapo Telkom haikuwa kampuni inayojitegemea wala sehemu ya kampuni nyingine. Mtandao ulio katika hali hiyo hauwezi kuwashawishi wateja wabaki wala wahandisi wakae. Mwaka 2022 Serikali ikanunua hisa za Helios. Mwaka 2023 baadhi ya maeneo yakakosa mawasiliano ya Telkom kutokana na deni la minara.

Matokeo yake ni soko ambalo kwa vitendo limebaki la wawili, Safaricom ikiwa na takriban theluthi mbili ya laini. Mkulima wa kijiji ambacho Telkom ilikuwa chaguo lake la bei nafuu amepoteza chaguo. Mshindani anapodhoofika hadi kutoweka, mteja hupungukiwa mahali pa kukimbilia, na mwaka ukifika bei ikapanda hana wa kumwendea.

Kwa sababu hiyo ni makosa kuipima mikakati hii kwa jicho la wenye hisa pekee. Soko lenye washindani walio hai ndilo linalowalinda wanunuzi, na hata kinara hufanya kazi vizuri akiwa na anayemkimbiza.

Kwa mfanyabiashara wa leo

Novemba 2024 Watanzania waliamka na kuona Tigo ikiitwa Yas, na Tigo Pesa ikiitwa Mixx by Yas. Mtandao huo, ulioanza mwaka 1994 ukiitwa Mobitel, ukapitia jina la Buzz, uko chini ya Axian tangu ununuzi uliokamilika mwaka 2022. Vodacom, Airtel, Halotel na TTCL wanalijua vizuri swali lililo mbele yao. Lakini si wao peke yao. Kila mwaka kuna hospitali binafsi inayouzwa, kiwanda kinachounganishwa na kingine, kampuni ya mabasi ambayo mwanzilishi amefariki na watoto wamegawana magari.

Anayeshindana na kampuni ya namna hiyo aanze kwa kujua kinachobadilika hasa. Jina likibadilika peke yake na watu na bei vikabaki, nafasi ni ndogo. Mfumo wa malipo, timu ya mauzo au kamisheni za mawakala vikiguswa, nafasi ni kubwa, lakini ni ya miezi, haidumu miaka.

Kisha awatafute walioachwa bila majibu. Mara nyingi hao si wateja wakubwa, kwa sababu wakubwa hupigiwa simu na mkurugenzi mpya siku ya kwanza. Ni wasambazaji waliocheleweshewa malipo, mawakala wa pembezoni na wateja wa kati. Awafikie na huduma iliyokamilika, bei anayoweza kuishikilia baada ya mwaka, na mtu wa kupokea simu.

Kuajiri waliotoka upande wa pili ni haki yao na yake. Awaajiri kwa ujuzi wao. Kumwajiri mtu ili alete orodha ya wateja wa mwajiri wake wa zamani ni kununua kesi, na pia ni kumjua mapema mtu atakayeondoka na orodha yako.

Aache kumsema vibaya mshindani. Wateja wa kampuni inayoyumba tayari wana wasiwasi. Anayewaongezea hofu hawapi sababu ya kumwamini yeye, na uvumi kuhusu benki au huduma ya fedha unaweza kuitikisa sekta nzima, yake ikiwemo.

Mwisho, ajitazame. Wazee walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sababu zilizomfanya mshindani abadilike, iwe ni teknolojia, mtaji au wateja waliohama tabia, mara nyingi ziko njiani kuja kwako. Airtel ilipoipiga Safaricom mwaka 2010, kinara hakuokolewa na shambulio lolote alilolifanya wakati Kencell ikigeuka Celtel na Celtel ikigeuka Zain. Aliokolewa na kutoza kwa sekunde, na vibanda vya wakala, na huduma ya fedha ambayo watu walikuwa wameizoea.

Kampuni zitaendelea kuuzwa na kugawanywa, na wapinzani wao wataendelea kukutana Jumatatu asubuhi kujadili wafanye nini. Katika mikutano hiyo swali la kwanza mezani liwe moja: mteja wa yule jirani akija kwetu wiki hii, tuna kitu gani cha kumfanya abaki hata baada ya jirani kutulia? Kampuni isiyo na jibu ihifadhi fedha zake za matangazo, na iende ikatengeneze jibu hilo kwanza.